Bibi Salme wa Mtoni: Je, Desturi ya Watu Wote Yaweza Kukosea?



Jumapili hii tunawaletea maisha ya mwanamke ambaye wengi wetu tuliotoka pwani tumelisikia jina lake tangu utotoni: Sayyida Salme binti Said, ambaye Ulaya walimfahamu kama Emily Ruete. Alizaliwa Unguja mwaka 1844, akafariki Ujerumani mwaka 1924. Katika miaka hiyo 79 alikuwa binti wa sultani, mtoro, mke, mjane, mwandishi, na zaidi ya yote mhamiaji aliyeishi kwa watu kama tunavyoishi sisi hapa Deira.

Tumemchagua kwa sababu ya jambo la juzi juzi tu. Mwaka 2019 jiji la Hamburg lilikipa kiwanja kimoja cha mji jina lake, kwa heshima ya mwanamke jasiri aliyevuka bahari na kulea watoto peke yake ugenini. Haukupita muda mrefu, watu wakakifungua tena kitabu chake na kuisoma sura aliyoandika kuhusu utumwa. Humo aliutetea. Heshima ile ikaondolewa na kiwanja kikapewa jina jingine.

Hapo panazuka swali ambalo familia zetu zinalijua vizuri. Watoto wetu wanakaa darasani na watoto wa mataifa ishirini. Wanarudi nyumbani wakiuliza kwa nini sisi tunafanya hivi na wenzetu wanafanya vile, na nani yuko sahihi. Jibu tulilozoea kuwapa ni kwamba kila watu na mila zao. Jibu hilo linafaa sana likihusu ugali na biriani, kanga na abaya, au namna ya kuwaamkia wakubwa. Lakini je, linatosha pale ambapo mila ya watu inamuumiza mtu? Salme aliutetea utumwa kwa sababu ndio aliokuta kwao. Je, watu wote wa mahali wakikubaliana juu ya jambo, jambo hilo linakuwa jema? Tuyapitie maisha yake kwanza, halafu tulijibu.

Mtoto wa Mtoni

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, ufukweni, kaskazini ya Mji Mkongwe wa Unguja. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, aliyeyahamisha makao yake kutoka Muscat, mji ambao leo kutoka hapa Dubai tunaufikia kwa gari kwa saa chache. Yeye ndiye aliyeeneza mashamba ya karafuu Unguja na Pemba. Karafuu ilileta utajiri, na utajiri ule ulihitaji mikono ya kuichuma. Mikono hiyo ilikuwa ya watumwa.

Kama alivyosimulia mwenyewe, jumba la Mtoni lilikuwa na watu wapatao elfu moja. Palikuwa na bustani yenye tausi na paa, mabafu, farasi, na watoto wa mama mbalimbali waliocheza pamoja. Zilisemwa lugha nyingi mle ndani: Kiarabu, Kiswahili, Kiajemi, Kituruki, Kihabeshi na nyinginezo. Mtu aliyewahi kupita Naif jioni ya siku ya mapumziko anaweza kuipata picha hiyo bila shida.

Mama yake aliitwa Jilfidan. Hakuwa mke wa ndoa bali suria, yaani mtumwa wa kike aliyeishi na bwana wake. Alitoka Circassia, nchi ya milima upande wa Bahari Nyeusi. Alipokuwa mtoto mdogo vita viliingia kijijini kwao. Wavamizi waliwaua baba na mama, wakawachukua watoto watatu juu ya farasi, huyu huku na yule kule. Jilfidan hakuwaona tena ndugu zake wala hakupata habari zao. Alipofika mikononi mwa Sayyid Said alikuwa na miaka saba au minane tu. Tukumbuke habari hii, kwa maana tutairudia.

Salme alimkumbuka mama yake kama mwanamke mpole aliyependa kuhudumia wagonjwa. Aliposikia mtu anaumwa, alikwenda kukaa naye, akamfariji na kumsomea maneno ya dini. Sisi tunaofanya kazi wodini tunawafahamu wanawake wa namna hii: hawakusomea kazi yetu, lakini mgonjwa hupata nafuu wakiingia tu chumbani.

Mfupa wa ngamia na wino

Katika nyumba ile wasichana walifundishwa kusoma ili waweze kusoma Kurani, lakini hawakufundishwa kuandika. Ilionekana si adabu. Mwanamke anayeandika angeweza kuandikiana barua na watu wasiofaa. Hiyo ilikuwa desturi, na kila mtu aliiona sawa.

Salme hakuiona sawa. Kwa siri alichukua mfupa wa bega la ngamia, uliotumika kama ubao, akawa ananakili herufi moja moja kutoka katika msahafu. Alipofika mahali ambapo hakuweza kuendelea peke yake, alijifunza mwandiko mzuri kwa mtumwa mmoja wa nyumbani aliyekuwa na elimu. Habari ilipojulikana alilaumiwa sana, lakini hakuacha.

Tuone hapa mambo mawili. La kwanza, msichana wa karne ya 19, aliyekulia ndani ya kuta za jumba, bila kufundishwa na mgeni yeyote, aliweza kuona kwamba desturi ya watu wake imekosea katika jambo fulani. Kwa hiyo si kweli kwamba mtu hawezi kuona nje ya mila aliyozaliwa nayo. La pili, mwalimu wake alikuwa mtumwa. Mtu ambaye sheria ya mahali ilimhesabu kuwa mali ndiye aliyemshika binti wa mfalme mkono na kumwonyesha namna ya kuunda herufi.

Mwaka 1856 Sayyid Said alifariki baharini akirudi kutoka Muscat. Salme alikuwa na miaka 12. Alihesabiwa kuwa mtu mzima, akapewa urithi wake: shamba, nyumba na fedha, na watumwa waliokuwa wa mali hiyo. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1859, kipindupindu kiliingia Unguja na kumchukua Jilfidan. Zama hizo hakikuwa na tiba. Maji ya chumvi na sukari tunayompa mtoto leo kwa kijiko hayakujulikana.

Mwaka huohuo ndugu zake waligombana. Majid alikuwa amekalia kiti cha baba yao, na Barghash alikitaka. Salme, akiwa na miaka 15, aliingia upande wa Barghash, na kwa kuwa alijua kuandika, alikuwa karani wa njama ile. Waingereza walimsaidia Majid, njama ikavunjika, Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Baadaye Salme alipatana na Majid, na kwa kufanya hivyo akawaudhi wale waliokuwa upande wake mwanzo. Akabaki katikati, hana wa huku wala wa kule.

Kuvuka bahari

Aliporudi kukaa Mji Mkongwe, jirani yake alikuwa mfanyabiashara kijana Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete wa Hamburg. Wakafahamiana, wakapendana, na Salme akashika mimba. Kwa desturi ya kwao jambo hilo lilikuwa la hatari kubwa kwake. Mwezi Agosti 1866 alitoroka usiku kwa meli ya kivita ya Kiingereza, Highflyer. Inasimuliwa kwamba ilikuwa wakati wa sherehe ya Siku ya Mwaka, watu walipokuwa wakienda pwani kuoga, naye akapata nafasi ya kufika ufukweni bila kutiliwa shaka.

Alisubiri Aden miezi kadhaa. Huko alizaa mtoto wa kiume. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa kwa jina la Emily, na siku hiyohiyo akafunga ndoa na Ruete. Yule mtoto mchanga alifariki wakiwa njiani kwenda Ujerumani.

Maisha ya Hamburg hayakuwa rahisi. Alisumbuliwa na baridi, milango iliyofungwa, chakula asichokijua na macho ya watu waliomtazama kama kitu cha maonyesho. Alizaa watoto watatu zaidi: Antonie, Said na Rosalie. Mwezi Agosti 1870, mdogo wao akiwa bado mchanga, Ruete alianguka akishuka kwenye gari la reli lililokokotwa na farasi, akafa. Salme alikuwa na miaka 25, mjane katika nchi ambayo hata lugha yake alikuwa bado anajifunza.

Hapo akakutana na desturi ya Wajerumani. Mamlaka za Hamburg hazikuona kwamba mwanamke anaweza kusimamia mwenyewe watoto na mali aliyoacha mumewe. Waliwekwa wasimamizi wanaume, na sehemu kubwa ya mali ikapotea. Kule Unguja, kwa sheria ya Kiislamu, alikuwa amemiliki shamba lake mwenyewe tangu ana miaka 12. Watu wa Ulaya waliodhani wamemtoa gizani walimnyang'anya haki ambayo kwao alikuwa nayo. Nao waliamini wanafanya sawa, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa kwao.

Mwaka 1875 Barghash, sasa akiwa Sultani, alizuru London. Salme alisafiri kwenda kumwona kaka yake na kuomba msamaha. Sir Bartle Frere alimshawishi aache mpango huo, akiahidiwa msaada wa masomo ya watoto wake. Aliacha, na ahadi haikutimizwa. Frere huyu ndiye aliyetumwa Unguja mwaka 1873 kumshinikiza Barghash aifunge biashara ya watumwa, na jina lake ndilo lililopewa Frere Town, kijiji cha watumwa waliokombolewa karibu na Mombasa. Kengele yake ingalipo, na wenzetu wa Kisauni wanaijua. Mtu yuleyule alipigania haki kubwa ya maelfu, na akashiriki katika kumnyima mjane mmoja haki ndogo.

Sura ya utumwa

Akiishi kwa kufundisha Kiarabu na kuhama mji hadi mji, Salme aliandika habari za maisha yake. Kitabu kilichapishwa Berlin mwaka 1886, na huhesabiwa miongoni mwa tawasifu za kwanza za mwanamke wa Kiarabu kuchapishwa. Alikusudia kuwaonyesha Wazungu kwamba watu wa kwao si washenzi. Katika mengi alisema kweli. Aliwakumbusha kwamba wanaume wa Ulaya waliolaumu ndoa ya wake wengi walikuwa na vimada wa siri, na kwamba kuna wake wa Kizungu waliopigwa na waume zao kama kwingineko.

Alipofika kwenye utumwa, alisema kwamba wageni hawauelewi. Usilinganishwe na ule wa Amerika, alisema. Alikiri kwamba safari ya kutoka bara ilikuwa ya mateso, watu wakifa kwa kiu na uchovu, lakini akasema wakishafika mambo yalitulia na walitunzwa. Aliongeza kwamba watu weusi ni wavivu na hawafanyi kazi bila kulazimishwa. Tena akasema kwamba Wazungu haohao waliokemea utumwa walikuwa nao kwenye nyumba zao za Unguja.

Baadhi ya maneno hayo yana ukweli ndani yake. Ni kweli kwamba utumwa wa majumbani mwa pwani ulitofautiana na ule wa mashamba ya pamba. Ni kweli kwamba katika Uislamu kumwacha mtumwa huru kulihesabiwa kuwa tendo lenye thawabu, na wengi waliachwa huru. Ni kweli pia kwamba wapo Wazungu waliokuwa wanafiki. Lakini hoja hizi zote zina pengo moja. Ni maneno ya mwenye nyumba. Katika kurasa zile hatumsikii mtumwa akiulizwa anaonaje.

Na jibu lake halikuwa limefichika. Makadirio mengi ya wanahistoria yanaonyesha kwamba katika miaka ya 1860 watu wapatao 20,000 waliletwa Unguja kila mwaka kutoka bara. Walitoka Ziwa Nyasa, kwa Wayao, kwa Wamanyema wa mashariki ya Kongo, na kwingineko, nchi ambazo baadhi yetu ndiko tulikozaliwa. Wengine walivushwa mpaka Ghuba hii, kwenye mashamba ya tende na mashua za kupiga mbizi kutafuta lulu. Watu hawa hawakukubaliana na desturi. Walitoroka. Walijenga vijiji vya watoro nyuma ya Malindi na Mombasa. Walikimbilia Witu, karibu na Lamu. Walikimbilia misheni ya Rabai kwa wingi hivi kwamba mwanzoni mwa 1889, chini ya miaka mitatu baada ya kitabu cha Salme kutoka, watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa wamejificha huko walilipiwa fidia na kupewa hati za uhuru. James Mbotela, ambaye baba yake alikuwa Myao aliyetekwa na kukombolewa, aliandika historia ya watu hawa katika Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934, na wazazi wetu wengi walikisoma shuleni.

Kwa hiyo tunaposema kwamba zamani pwani yote iliuona utumwa kuwa sawa, tunasema uongo bila kujua. Waliouona sawa ni waliokuwa wanahudumiwa. Watumwa nao walikuwa watu wa pwani, walisema Kiswahili, walilima mashamba, walipika, walilea watoto. Walikuwa sehemu ya jamii hiyo, ila hawakuhesabiwa walipotafutwa watu wa kuulizwa. Kama desturi ya watu haiwezi kukosea, basi mkosaji ni yule aliyetoroka. Sisi hatuwezi kusema hivyo, na tunaamini hata msomaji anayependa sana mila hawezi kulisema mbele ya mtu aliyefungwa mnyororo.

Tena jibu lilikuwa karibu zaidi na Salme kuliko Rabai. Lilikuwa katika maisha ya mama yake. Jilfidan alikuwa mtoto aliyeibwa, wazazi wake wakiuawa mbele yake. Salme aliisimulia habari hiyo kwa huzuni katika kitabu kilekile, kisha kurasa nyingi mbele akautetea mfumo uliomleta mama yake pale. Hatumtaji ili kumdharau. Alikuwa jasiri na mwerevu kuliko wengi wetu, na alimpenda mama yake. Basi ikiwa mtu kama yeye aliweza kukosa kuona kitu kilichomlea mapajani, sisi ni akina nani hata tujidhanie tuna macho makali zaidi?

Makosa ya anayelaumu

Kuna hoja moja ya Salme ambayo watu wengi huipenda mpaka leo: kwamba wanaotuhukumu nao wana dhambi zao. Tuitazame kwa haki, maana maisha yake mwenyewe yaliithibitisha. Mwaka 1885 Bismarck alimrudisha Unguja kwa meli za Wajerumani, miaka 19 baada ya kutoroka. Watu wa mji walimfuata njiani wakimsalimia, lakini Barghash alikataa kumpokea. Salme alitumaini kupata urithi wake. Bismarck alitaka kumtisha Sultani akubali madai ya Ujerumani katika bara. Madai yalipokubaliwa, mambo ya Salme yaliwekwa kando. Alirudi tena mwaka 1888 na kuondoka mikono mitupu. Wajerumani waliotangaza kupiga vita utumwa ndio waliokuja kuwalazimisha watu wa kusini ya Tanganyika kulima pamba, mpaka vikazuka vita vya Maji Maji mwaka 1905.

Na sisi Wakristo tusijitoe. Wenye mashamba ya watumwa Amerika waliingia kanisani kila Jumapili. Brazili, nchi ya Kikristo, iliukomesha utumwa mwaka 1888, miaka 15 baada ya soko la Mkunazini kufungwa. Wahubiri wengi waliutumia waraka wa Paulo kwa Filemoni kuonyesha kwamba mtumwa hurudishwa kwa bwana wake, wakapita haraka pale Paulo anapomtaka bwana huyo ampokee Onesimo kama ndugu.

Yote hayo ni kweli, lakini hayamsaidii mtumwa hata kidogo. Daktari anayevuta sigara akikwambia mapafu yako yameoza, uvutaji wake hauyaponyi mapafu yako. Unafiki wa anayelaumu ni kosa lake yeye. Haulifanyi la kwetu kuwa jema. Wala halikuwa neno la Wazungu hapo mwanzo. Wa kwanza kujua kwamba utumwa ni uovu alikuwa yule aliyefungwa.

Utumwa ulipoteza nguvu ya sheria Zanzibar mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907 na Tanganyika mwaka 1922, na kufikia mwaka 1970 ulikuwa umepigwa marufuku katika nchi zote za Ghuba. Leo hakuna hata mmoja kati ya watu hawa anayetaka urudi. Hatusemi tu kwamba wamebadilika, kama mtu anavyobadili mtindo wa nguo. Tunasema wametengenea. Na neno hilo halina maana isipokuwa palikuwa na kitu kilichoharibika.

Baada ya 1888 Salme hakutaka tena kuishi Ujerumani. Alikaa Jaffa, kisha Beirut kwa zaidi ya miaka 20, mahali alipoweza kusikia Kiarabu dirishani. Mwaka 1914 alirudi kwa watoto wake. Alifariki mjini Jena tarehe 29 Februari 1924 na kuzikwa Hamburg katika kaburi la familia ya mumewe. Katika vitu vyake palikutwa mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja, aliouhifadhi miaka yote hiyo, nao ukazikwa pamoja naye. Wanaokaa mbali na kwao hawahitaji kuelezwa maana yake.

Sisi na mila zetu

Sasa turudi nyumbani. Jibu letu kwa swali la watoto ni hili: ndiyo, watu wote wa mahali wanaweza kukosea, wa kwetu na wa wenzetu. Namna ya kujua si kuuliza ni mila ya nani, wala imedumu miaka mingapi. Ni kumtafuta yule anayeilipia gharama na kumuuliza, akiwa mahali ambapo anaweza kujibu bila hofu.

Tuchukue ukeketaji. Sisi wauguzi tuliofanya kazi vyumba vya uzazi tunayajua makovu yake na damu inayopotea. Umetetewa kama mila kwa vizazi vingi. Tanzania iliupiga marufuku kwa wasichana mwaka 1998, Uganda mwaka 2010, Kenya mwaka 2011. Wapo wanaosema ni kelele za wageni. Lakini wasichana wanaokimbia usiku kutafuta mahali pa kujificha si wageni. Ni watoto wa mila hiyohiyo, kama watoro wa Rabai.

Tuchukue na lililo karibu zaidi, maana la jirani ni rahisi kulisema. Wengi katika ushirika wetu wanafanya kazi za ndani hapa Dubai, na tumefurahi kuona sheria ya nchi hii ya mwaka 2017, na ile iliyoifuata ya 2022, ikimpa mfanyakazi wa ndani siku ya kupumzika kila juma na likizo kila mwaka. Tunaijua thamani ya siku hiyo. Bila hiyo baadhi ya viti vyetu vya ibada vingekuwa vitupu. Basi vipi yule msichana aliye nyumbani kwetu Kitale, Mwanza au Bukavu, anayelea watoto wetu ili sisi tuweze kuwa hapa? Ana siku yake ya kupumzika? Mshahara wake tunautuma kwa simu kwa tarehe, au unangoja mambo mengine yaishe? Anakula mezani au jikoni? Ana miaka mingapi, na alipaswa kuwa shuleni? Mara nyingi jibu ni kwamba kwetu dada wa kazi huishi hivyo, na kwamba tunamtunza kama mtoto wetu. Salme naye alisema wanatunzwa.

Familia zikae pamoja juma hili zizungumze mambo matatu. Kwanza, ni mila gani ya kwetu tunataka watoto waishike hata wakiishi mbali, na kwa nini. Pili, ni mila gani tungeona aibu kumweleza yule anayeumizwa nayo uso kwa uso. Tatu, kila nyumba yenye dada wa kazi impigie simu. Si kumuuliza kama watoto wamekula, bali kumuuliza yeye anaonaje kazi yake, na kumwacha amalize kusema.

Kumheshimu Bibi Salme si lazima tukubaliane naye. Tunaushika ujasiri wa msichana aliyejifunza kuandika juu ya mfupa, na tunamkumbuka mtumwa aliyemfundisha, ambaye jina lake halikuandikwa.

Mungu azibariki nyumba zenu, za hapa na za kule mlikotoka. Amina.